Kompyuta ya Mgololo na Kanda ya Mama

Ikishapata moto, kompyuta ile ilinuka vumbi lililoungua na plastiki, na kwa kuwa tulikaa Mgololo, harufu hiyo ilichanganyika na ile nyingine iliyokuwa kila mahali, kwenye mashuka, kwenye nywele, hata kwenye mkate. Ilikuwa harufu ya kiwanda cha karatasi. Wageni waliifananisha na kabichi iliyosahaulika motoni, na sisi wenyewe tulikuwa hatuisikii tena mpaka turudi kutoka safari. Siku hizi ninauza simu Mwanjelwa, na nikiwaambia wenzangu sokoni kwamba utoto wangu una harufu, wanangoja niseme maua au udongo uliolowa mvua. Hapana. Utoto wangu unanuka kabichi na umeme, na nikisikia harufu ya chaja inayoungua hapa kibandani, kabla sijaichomoa, kwanza huwa namkumbuka mama yangu.

Baba alikuwa fundi umeme kiwandani, Mhehe wa maneno machache, mtu anayeweza kukaa na mgeni saa nzima na mgeni akaondoka akisema wameongea vizuri. Mhandisi mmoja kutoka nje, aliyefanya naye kazi miaka kadhaa, alipomaliza mkataba wake alimwachia vitu viwili ambavyo havikuingia kwenye masanduku yake: televisheni ya chogo na kompyuta. Msomaji wa leo asifikirie kompyuta anayoijua. Hii ilikuwa kibodi tu, nyeusi, yenye vitufe vya mpira vilivyobonyea kama mihogo ya kuchemsha, na akili yake yote ilikuwa imelala humo chini ya vitufe. Kioo chake kilikuwa televisheni. Na Tanzania Bara wakati ule hapakuwa na kituo chochote cha televisheni, kwa hiyo ukiiwasha bila kompyuta ilionyesha chenga peke yake. Watoto wa kota za jirani walikuja kuangalia chenga, wakakaa mkekani kwa adabu, wakaaga na kuondoka wameridhika.

Ulikuwa msimu wa baridi, ule wa Juni mpaka Agosti ambao ukungu unashuka kwenye misonobari na watu wanaongea huku wametia mikono kwapani. Kila Baba akitoka zamu alinawa, akaketi mbele ya televisheni na kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine, akaanza kuandika amri moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja. Mimi nilikaa pembeni yake nikimsomea herufi. Tabu ilikuwa moja: mashine ile haikuwa na kumbukumbu ya kudumu. Ukiizima imesahau. Umeme ukipepesa kidogo tu, imesahau, na kazi ya Jumamosi nzima inakuwa kioo kitupu. Baba hakulalamika. Alivuta pumzi, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza, akaanza upya, nami nikaanza kumsomea tena.

Mama alilalamika kwa niaba yake. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kucheka, na kompyuta ile aliiita mke mwenza. Akiingia sebuleni na kukuta televisheni inawaka alituuliza, "Mke mwenzangu ameamka salama?" Kilichomuudhi hasa ni chakula. Nyumbani kwake hakuna mtu aliyenyimwa chakula kwa kuchelewa, lakini pia hakuna aliyechelewa bila kuambiwa. Alipakua sehemu ya mtu huyo, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka jikoni juu ya sufuria ya maji moto isipoe, na wewe ukifika unaanza kusemwa kabla hujavua viatu. Msimu ule sahani zilizofunikwa zilizidi, ingawa sisi hatukuwa tumetoka kwenda popote. Tulikuwa tumekaa hapo hapo sebuleni.

Mtu aliyemfunikia chakula kuliko wote hakuwa akiishi nasi. Alikuwa mdogo wake wa pekee, Tusekile, mama mdogo wangu, aliyeolewa Ubaruku kwenye mashamba ya mpunga. Mama alimwita Seki. Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na walikuwa hawajaonana tangu mimi nikiwa mdogo sana. Mama mdogo alikuwa ametuma salamu kwamba mwaka ule akishavuna atakuja Mgololo kumsalimia dada yake. Mavuno yalipita. Mama alijua magari ya kutoka Mafinga yanafika saa ngapi, na siku za gari alipika kwa kuzidisha. Jioni akaifunua ile sahani, akanipa mimi niimalizie, huku akisema, "Seki alizaliwa amechelewa, hata mkunga alitaka kurudi nyumbani."

Siku moja Mama aliamua kwamba kama mke mwenza hafukuziki, basi afundishwe kazi. Alimuuliza Baba kama mashine inaweza kusema. Baba akamwambia haisemi, ila inaweza kuandika maneno iliyopewa. "Basi iandike maneno yangu," akasema, "maana mimi nimechoka kurudia." Ndivyo Baba alivyotunga programu yake ya kwanza ambayo haikutoka kitabuni. Mashine ilikuuliza JINA LAKO NANI? nawe ukiandika jina lako, ilikujibu kama Mama. Mama alikaa kwenye kigoda na ungo wa mchele mapajani, akichambua na kutamka, na Baba akiandika. Mimi nilipoandika ATU, maana naitwa Atupele, kioo kiliandika: NAWA MIKONO KWANZA. Baba alipoandika BABA, kikamuuliza: UMEVUA VIATU? Na jina lolote ambalo mashine haikulijua, lilijibiwa: KARIBU. KAA, CHAI IPO. Kisha Mama mwenyewe akafuta mikono kwenye kitenge, akainama, akatafuta vitufe, akaandika MAMA. Kwa kuwa hakuwa amejitungia jibu, mashine ilimkaribisha chai. Alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Hee, hata mimi ni mgeni hapa," akasema. Kila mara nikikumbuka kicheko kile najaribu kukisikia, na sikisikii. Naona mabega yanavyotikisika, naona mchele sakafuni, sauti hakuna.

Nitaeleza kwa nini hakuna. Programu ile ilihitaji kuhifadhiwa kabla umeme haujapepesa, na kompyuta ilihifadhi vitu vyake kwenye kanda za kawaida za redio. Unaunganisha waya kwenye redio-kaseti, unabonyeza kitufe cha kurekodi, na maneno yanageuka mlio mkali wa kukwaruza, mlio ambao mtu asiyejua atadhani redio imekufa. Kanda tupu madukani kwetu zilikuwa zimekwisha. Nyumbani tulikuwa na kanda moja tu, na ilikuwa ya Mama. Kwaya ya kanisani kwetu haikuwahi kufika studio, lakini siku moja ya mazoezi mwanakwaya mmoja alikuja na redio ya kurekodia, na Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo zote, sauti yake peke yake, kisha wenzake wakaingia. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Mama alikuwa amevunja vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili mtu asije akafuta kwa bahati mbaya. Baba alikuwa amezunguka sebuleni mara kadhaa akitazama saa ya ukutani na taa ya kwenye dari. Mama akainuka, akatoa kanda yake kwenye kasha, akachana kipande cha karatasi, akakikunja, akaziba matundu kwa ncha ya pini ya nywele. Karatasi haikuwa shida Mgololo. Baba akamwambia, "Mama Atu, hiyo ndiyo sauti yako." Naye akasema, "Mimi si nipo? Mkitaka kusikia, nitaimba." Akampa.

Mvua zilipoanza aliugua homa. Siku ya tatu alichukuliwa na gari ya kiwanda kupelekwa hospitali, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, na alipokuwa anapita mlangoni aliniambia chakula changu kiko jikoni. Hakurudi. Nimejaribu miaka yote hii kuandika sentensi hiyo ikawa ndefu zaidi, nimeshindwa. Alizikwa kijijini kwa kina Baba, Iringa, kwenye udongo mwekundu uliokuwa umelowa hata majembe yakawa yanakwama.

Mama mdogo alifika siku moja baada ya mazishi. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, si kosa lake, na kila mtu alimwambia hivyo. Nakumbuka alivyokuja akipita katikati ya watu bila kusalimia, akaenda moja kwa moja kaburini, akakaa chini kwenye matope. Siku ya kumaliza matanga, tukiwa tumesharudi Mgololo, ndugu walikaa kugawana vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Vitenge walipewa mawifi, sweta akapewa bibi, masufuria yakabaki nyumbani kwa ajili yangu. Mama mdogo akaulizwa anataka nini kwa dada yake. Akasema hataki nguo. Anataka ile kanda aliyoambiwa kwa salamu, ambayo dada yake anaimba.

Nilimtazama Baba. Nilikuwa mtoto, na mtoto hafungui mdomo kwenye kikao cha matanga, lakini nilimtazama nikijua kwamba anajua. Mtu amefika amechelewa kumzika dada yake, amekaa mbele ya wazee wote, anaomba kitu kimoja. Nani angeanza kumweleza habari za waya na kompyuta? Baba akaenda chumbani, akaileta kanda, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama mdogo akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Hapo ndipo tulipompoteza Mama mara ya pili, maana maneno yake nayo yalikuwa humo humo, na hatukuwa na nakala nyingine. Baba hakuiandika upya programu ile. Kompyuta ikafungwa kwenye gunia, na televisheni ikafunikwa kitambaa cha kufuma kilichofumwa na Mama, kikawekewa chungu cha maua juu.

Miaka imepita, zaidi ya thelathini. Baba alistaafu akajenga Kihesa, mjini Iringa, na gunia lile na televisheni vilihama naye. Mimi niliolewa Mbeya nikabaki Mbeya. Kazi yangu pale Mwanjelwa, pamoja na kuuza simu, ni kuwawekea watu nyimbo na video kwenye memori kadi ndogo kuliko ukucha, na kuwarudishia sauti na picha walizofuta kwa haraka zao. Wengi huzipata. Huwa nawatazama wanavyoshukuru, kisha wanatumbukiza simu mfukoni na kuendelea na safari zao, na mimi nawaonea wivu, sitaficha. Wana sauti za mama zao zimejaa kwenye simu, wanatumiwa salamu na wanapewa baraka, na hawana muda wa kuzisikiliza.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Mama mdogo alinipigia. Alipiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na nilipomjibu akaniambia niongeze sauti. "Atu, mwanangu, masikio yangu inakwenda," akasema. "Daktari amesema itakwenda yote. Nataka nimsikie dada kabla haijaisha. Wewe si mtu wa mambo ya simu? Njoo na redio."

Nilikwenda Ubaruku nikiwa nimejiandaa kumwambia ukweli, na nilipofika nikashindwa kama Baba alivyoshindwa. Alinipeleka chumbani, akafungua sanduku la bati, akatoa kitenge, ndani ya kitenge mfuko, ndani ya mfuko kanda. Hakuwa ameipiga hata mara moja. Mwanzoni hakuwa na redio, baadaye alipata redio akakosa moyo, na baada ya hapo ikawa ni kitu cha kujua tu kwamba kipo. "Nikiwa na shida namwambia, Dada, subiri, iko siku nitakusikiliza," akaniambia. Niliigeuza ile kanda mkononi. Matundu mawili ya mgongoni yalikuwa bado yamezibwa karatasi, imekuwa ya rangi ya chai. Nikamwambia redio inayoweza kuipiga iko kwa Baba, Iringa, twende.

Tulifika Kihesa mchana. Nilikuwa nimemwomba binti anayemsaidia Baba apike wali, nikampakulia Mama mdogo, akakataa. Alisema atakula akishamsikia dada yake. Nikakifunika chakula chake nikakirudisha jikoni. Baba akamkaribisha kiti cha karibu naye, akamshika mkono, akamsogelea sikioni. Yeye ambaye maisha yake yote amekwepa maneno, siku hiyo aliyasema yote bila kupunguza: kanda ilivyofutwa, nani aliyeifuta, nani aliyeziba matundu kwa karatasi, na kwa nini pale matangani alinyamaza. "Shemeji, sauti haimo," akamalizia. "Haimo tangu akiwa hai."

Mama mdogo aliigeuza kanda mapajani, akaitazama upande huu na upande ule. Nilidhani hakusikia, nikawa natafuta namna ya kumweleza tena. Kisha akasema taratibu, bila kupaza sauti, "Kumbe nilikuwa naongea na kanda tupu."

"Si tupu," akasema Baba. "Atu, lete lile gunia."

Redio yake ilikuwa imelegea mkanda wa ndani, akaweka mpira mahali pake. Televisheni ya chogo ilichukua muda kuamka. Kompyuta ilipopata moto, ile harufu ikaja, vumbi lililoungua na plastiki, nami nikalazimika kutoka nje kidogo nikajifanya nafunga mlango wa banda la kuku. Mara ya kwanza ilikataa. Baba akapunguza sauti ya redio, akairudisha kanda mwanzo. Mlio wa kukwaruza ukajaza sebule tena, na Mama mdogo, ambaye alikuwa ameinamisha sikio lake zima kuelekea kwenye redio, alijikunyata. Nilimwonea huruma mno. Alikuwa ameusubiri wimbo miaka thelathini, akapewa kelele. Mlio ukakatika. Kioo kikawa cheupe, kisha kikauliza: JINA LAKO NANI?

Baba akaandika jina lake kwa kidole kile kile kimoja. UMEVUA VIATU? Akatazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili, akazivua, akazisogeza kando. Mimi nikaandika langu, nikaambiwa ninawe mikono, na nililia kwa namna ambayo sikulia msibani, kwa sababu msibani nilikuwa mtoto na nilidhani bado atakuja. Ningependa kuandika hapa kwamba maneno yale yanatosha. Hayatoshi. Ningeambiwa nichague, ningechagua sauti, hata pumzi yake ya kuanzia wimbo. Kibandani kwangu pana vidude vinavyoweza kubeba kwaya za nchi nzima, na hakuna hata kimoja kinachoweza kunirudishia kicheko cha mchele kumwagika. Tulikuwa na kanda moja, na mwenyewe aliona tuitumie kwa mambo ya siku ile, kwa kuwa yeye alikuwepo na ndiye aliyekuwa wimbo wenyewe.

Baba akaisukuma kibodi mbele ya Mama mdogo. "Andika jina," akamwambia, "lile alilokuwa anakuita yeye." Mimi sikujua kama jina hilo limo. Siku Mama alipokuwa akitamka sikumsikia akilitaja, labda walilitia nikiwa shuleni. Mama mdogo akavaa miwani. Akatafuta S, akatafuta E, akabonyeza kila kitufe kwa nguvu kama anayepanda mbegu. Alipomaliza nikambonyezea kitufe cha mwisho. Maneno yakaja kwenye kioo, herufi kubwa, meusi, hayahitaji masikio:

UMECHELEWA SEKI. CHAKULA CHAKO KIPO JIKONI, NIMEKIFUNIKA.

Aliyasoma kwa midomo, akayarudia. Baba alikuwa ameinamia kandambili zake. "Nimefika, Dada," Mama mdogo akasema. Kisha akavua miwani, akajishika kwenye kiti, akainuka, akaenda jikoni, na sisi tuliobaki sebuleni tukamsikia akifunua sahani.